Manowari ya Mtumba

Nina jaketi nililonunua Gikomba lenye jina la mtu limeshonwa kifuani. Siyo jina langu. Kila nikilivaa najiuliza huyo mwenyewe alikuwa nani, alifanya kazi gani, na kama bado yuko hai. Sasa chukua swali hilo ulipeleke kwa manowari.

Mwaka 1944, Pullman-Standard, kampuni ya Chicago iliyojulikana kwa mabehewa ya treni, ilikuwa inaunda meli za kivita. Chicago iko mbali kabisa na bahari, lakini vita vilikuwa vimemeza kila karakana iliyojua kuunga chuma. Moja ya meli hizo ilipewa namba tu: PCER-852. Urefu mita 56 hivi, injini mbili za dizeli, kasi noti 15 ama 16 ikiamka vizuri. Haikuwa ya kutisha. Kazi yake ilikuwa doria, kulinda misafara, na zaidi ya yote kuokoa watu. Huko Okinawa mwaka 1945, marubani wa Kijapani walipokuwa wakijitupa na ndege zao juu ya meli za Marekani, hii ndiyo ilikuwa inakimbilia zinazoungua, kuzima moto na kuokota watu majini. Ambulensi yenye mzinga, tuseme hivyo.

Vita vikaisha, Marekani ikabaki na meli nyingi kuliko kazi. Kama una ndugu wakubwa unajua kinachofuata: sare ya shule inakushukia wewe, ikukae isikukae. Julai 1966 meli yetu, ambayo tayari ilikuwa imepewa jina Brattleboro, ilikabidhiwa Vietnam Kusini. Ikaitwa Ngoc Hoi, namba HQ-12. Ngoc Hoi ni mahali ambapo mwaka 1789 Wavietnam walilichapa jeshi la China. Hilo jina liweke kando, tutalihitaji.

Jeshi la wanamaji la Vietnam Kusini lilijaa meli za namna hii. Januari 1974 lilipambana na China kwenye visiwa vya Paracel. HQ-10, iliyokuwa meli ya kusafisha mabomu ya baharini enzi za vita vikuu, ilizama na nahodha wake. Zaidi ya wanamaji 70 wa Vietnam Kusini walikufa, na visiwa viko mikononi mwa China mpaka leo.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, nchi yenyewe ikazama. Saigon ilipoanguka mwisho wa Aprili 1975, meli zaidi ya 30 zilikusanyika kisiwa cha Con Son, zikiwa zimebeba watu kama 30,000. Wengine walikuwa wamesimama sitahani, hakuna hata pa kukaa. Manowari ya Marekani, USS Kirk, ikazisindikiza kuelekea Ufilipino. HQ-12 ilikuwa kati ya zilizotoroka.

Hapa ndipo historia inakuwa ya makaratasi, na mimi hapa ndipo huwa nashikwa. Ufilipino ilikataa zisiingie. Hoja yake ilikuwa kwamba Vietnam Kusini haipo tena, kwa hiyo meli ni mali ya walioshinda. Suluhisho likatoka kwenye maandishi ya zamani: meli zilikuwa msaada wa Marekani, basi zirudishwe kwa Marekani, hapo hapo katikati ya maji. Tarehe 7 Mei 1975, kabla ya kuingia Subic Bay, bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu ilishushwa kwenye kila meli, ya Marekani ikapandishwa. Watu waliimba wimbo wa taifa wakilia. Maafisa waling'oa vyeo vyao mabegani wakavitupa baharini. Fikiria uko pale na mtoto mgongoni. Umeondoka nyumbani ukiwa raia, unashuka bandarini ukiwa mkimbizi, na kilichobadilika katikati ni kitambaa juu ya mlingoti.

Meli nyingi zilibaki Ufilipino. Zingine zikakatwa vipuri. HQ-12 ikapewa jina la tatu, Miguel Malvar: jenerali aliyeendelea kupigana na Wamarekani baada ya mkubwa wake kukamatwa, mpaka aliposalimu amri Aprili 1902. Yaani chuma cha Chicago kikavaa jina la mtu aliyewindwa na jeshi la Marekani. Sijui kama kuna aliyecheka ofisini siku hiyo. Mimi ningecheka.

Ilifanya doria zaidi ya miaka 40. Kuna mabaharia waliozaliwa miaka ya tisini waliotumwa kazini kwenye meli iliyo rika moja na babu zao. Si mzaha huo. Mwaka 1981, Datu Kalantiaw, nayo ya mwaka wa vita, ilisukumwa na kimbunga mpaka kwenye miamba ya kisiwa cha Calayan. Walikufa 79. Na mwenzake mwingine kutoka Vietnam Kusini, Sierra Madre, alikwamishwa kwa makusudi kwenye mwamba mwaka 1999 ili China isije ikapachukua. Wanajeshi bado wanaishi ndani ya hiyo kutu. Unaona sasa kwa nini nilikwambia uliweke kando jina la Ngoc Hoi.

Miguel Malvar ilistaafu Desemba 2021. Ikapangiwa kazi ya mwisho: kuwa shabaha kwenye Balikatan, mazoezi ya pamoja ya Ufilipino na Marekani. Neno hilo maana yake bega kwa bega. Ambulensi ya Okinawa ingelipuliwa, na Wamarekani wenyewe wakiwepo.

Haikufika. Tarehe 5 Mei 2025 ikivutwa kuelekea eneo la mazoezi, bahari ikiwa chafu, iliingiza maji ikazama kama maili 30 za baharini kutoka pwani ya Zambales. Hakuna aliyeirushia hata risasi moja.

Siku 15 baadaye, Subic, ile bandari ya bendera, Ufilipino iliingiza kazini manowari mpya kabisa kutoka Korea Kusini. Inaitwa Miguel Malvar.