Sigi (kituo cha reli, Usambara Mashariki)

Sigi, ambayo siku hizi huandikwa zaidi Zigi, ni kituo cha zamani cha reli kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Wakati wa utawala wa Wajerumani kilikuwa mwisho wa njia nyembamba iliyotoka Tengeni, nacho kilikua hadi kuwa kijimji cha mbao na wasafiri. Treni ilipokoma, kijimji nacho kikaisha. Jirani yake wa karibu ni kijiji cha Kisiwani.

Jina

Jina ni la mto. Mto Zigi unatoka kwenye misitu ya Amani, unapita chini ya kituo na kumwaga maji Bahari ya Hindi kaskazini ya Tanga. Kabla ya kufika baharini hukusanywa kwenye bwawa la Mabayani, na ndio maji wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Tahajia mbili za jina hazina ugomvi: Mjerumani huandika S mbele ya irabu akaitamka Z, kwa hiyo aliyeandika Sigi alisema kama Msambaa na Mbondei wanavyosema.

Reli

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, na njia ikaendelea hadi Korogwe (1902), Mombo (1905) na hatimaye Moshi (1911). Njia hiyo kuu ilipita bondeni, ikiizunguka milima. Huko juu walowezi walikuwa wamekwisha kufyeka msitu ili kupanda kahawa, hasa Nderema, lakini udongo wa Usambara Mashariki, wenye sura ya rutuba kwa jinsi miti ilivyo mirefu, uliwasaliti. Rutuba yote imo kwenye majani yanayooza juu juu. Ukiuondoa msitu, miaka michache tu udongo umechoka. Kahawa ikadhoofika, na macho yakageukia miti yenyewe: mvule, mkulo na mtambara.

Kwa ajili ya magogo hayo ilijengwa, kati ya 1904 na 1910, njia ya pembeni ya kilomita 23 hivi kutoka Tengeni, kwenye njia kuu, hadi Sigi. Upana wake ulikuwa sentimeta 75, wakati njia kuu ilikuwa na meta moja. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua maisha ya kituo. Njia nyembamba hupinda kirahisi kwenye kona za mlima na gharama yake ni ndogo, lakini behewa lake haliwezi kuingia njia kuu. Kila gogo lililoshuka kutoka Sigi lilibidi lishushwe Tengeni, liviringishwe kwa magongo na kamba, kisha lipakiwe upya kwenye behewa pana ndipo liende bandarini Tanga. Mzigo mmoja ukabebwa mara mbili, na kila mara kwa nguvu za watu.

Watu hao walitoka milimani na mbali zaidi, hata Unyamwezi, na katika wilaya jirani ya Wilhelmstal (Lushoto ya leo) tangu 1907 mwanamume alidaiwa kipande (kadi ya kazi) cha kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne.

Amani

Sigi haiwezi kuelezwa bila Amani, iliyo juu yake kiasi cha kilomita 9 za kona kali. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha hapo Taasisi ya Biolojia na Kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann na baadaye Albrecht Zimmermann. Ilikuwa taasisi bora kabisa ya aina yake katika Afrika nzima ya kitropiki: maabara, maktaba, mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, na bustani ya mimea iliyosambaa mlimani toka bondeni hadi kileleni, ikipandwa miti ya Asia, Amerika na visiwa vya bahari. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, alifika kufanya utafiti huko. Msambu, mti wa asili ambao mbegu zake hutoa mafuta, bado unalibeba jina la Stuhlmann katika sayansi.

Mgeni wa Amani alishuka Tengeni, akapanda treni ndogo hadi Sigi, kisha akaupanda mlima. Vitabu, chupa za maabara na miche ilipita njia hiyohiyo. Kwa hiyo kituo kilichojengwa kwa ajili ya magogo kikawa pia mlango wa wataalamu, na heshima yake yote kwenye maandishi ya zamani inatoka huko.

Vita vilipoanza mwaka 1914 na meli za Waingereza kuifunga pwani, Amani iligeuka karakana ya koloni zima. Ilitengeneza sabuni, mishumaa, na zaidi ya yote dawa ya malaria kutokana na magome ya misinkona iliyopandwa bustanini. Waingereza waliichukua mwaka 1916.

Chini ya Waingereza Amani ilifufuliwa ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo palipofanyika jambo ambalo mlaji wa mihogo anapaswa kulijua. H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliupambanisha muhogo na ugonjwa wa batobato kwa kuuchavusha na mpira wa Ceará, mti ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya utomvu na ukakosa soko bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913. Ndio mti ambao majani yake huliwa kwa jina la kisamvu cha mpira. Uzao wa kazi hiyo ulifika hadi Nigeria, ukawa msingi wa mihogo inayostahimili batobato. Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, na Amani ikabaki na utafiti wa malaria.

Kutoweka

Baada ya Wajerumani kushindwa, mashamba yao yalitaifishwa kama mali ya adui na kuuzwa. Njia ya Sigi haikudumu. Magogo ya karibu yalikuwa yamekwisha kukatwa, na lori liliweza kwenda palepale gogo lilipolala bila kupakua Tengeni. Reli ziling'olewa. Waliobaki walilima iliki chini ya kivuli cha msitu, au walikwenda kuchuma chai Kwamkoro na Bulwa.

Magogo yalirudi baadaye kwa barabara. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kikiwa na msaada wa Finland, kilikata miti kwa mitambo katika Usambara Mashariki kwa kasi ambayo treni ya Sigi isingeifikia kamwe. Upinzani wa wanasayansi ulisimamisha ukataji huo katikati ya miaka ya 1980. Penye mapengo umejaa muhesi, mti wa kuletwa, ambao mbegu zake hondohondo huzisambaza kila anaporuka.

Hali ya sasa

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, ilitangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi ilikarabatiwa kuwa kituo cha habari cha hifadhi. Mgeni hupitia hapo kabla ya kupanda Amani. Njia za miguu huanzia hapo. Kwenye miamba yenye unyevu katika misitu hii huota ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini kama sikio la mbuzi, katikati lina vinundu viwili vya njano. Ni saintpaulia, iliyotumwa Ujerumani mwaka 1892 na mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na sasa iko kwenye vyungu vya madirisha ya Berlin na Stockholm. Mwituni imebaki haba, na haichumwi.

Kutoka Muheza barabara ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na masika iliteleza.