Rangi, Jua na Maji ya Kyoga

Maji yatokayo Jinja na yale yatokayo Mbale hukutana. Mto Naili huondoka Jinja ukielekea kaskazini hadi Ziwa Kyoga. Nayo mito ya Namatala na Manafwa, iteremkayo kutoka upande wa Mlima Elgon, huingia Mpologoma, na Mpologoma huishia Kyoga hiyo hiyo. Basi atakaye kuandika historia ya nguo katika mashariki ya Uganda hana budi kuandika pia historia ya maji, kwani kiwanda cha kutia nguo rangi hunywa maji mengi, kisha huyatema yakiwa si yale.

Kilimo cha pamba ya biashara kilianza Uganda mwaka 1903, na kwa miaka mingi pamba hiyo ilisafirishwa ng'ambo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme ukapatikana, na kiwanda cha Nytil kikastawi kwa kusokota, kufuma na kutia rangi. Mbale nayo baadaye ikapata kiwanda chake, African Textile Mill.

Wazee wetu waliijua nili, rangi ya mmea, iliyotiwa katika kaniki. Lakini mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18, William Perkin, akitafuta kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, alipata rangi ya zambarau. Tangu hapo rangi zikawa kazi ya wanakemia. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza rangi zinazofungamana na uzi wenyewe wa pamba. Hata hivyo si zote zifungamanazo: sehemu yake, pengine hata theluthi moja, hubaki majini. Na hapa ndipo penye shida. Sifa ile ile aipendayo mnunuzi, kwamba nguo haichujuki kwa sabuni wala kwa jua, ndiyo huifanya rangi isioze mtoni. Mabwawa ya kutakasia majitaka, kama yale ya Namatala na Doko mjini Mbale, hutegemea vijidudu vinavyokula uchafu. Lakini vijidudu hivyo havizipendi rangi hizi. Rangi huzuia nuru isiifikie mimea ya majini, na baadhi yake zikivunjika nusu nusu huzaa sumu.

Mwezi Julai 1972, Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha habari kwamba titani dayoksaidi, unga mweupe uliomo katika rangi za kuta, ukimulikwa ndani ya maji waweza kuyatenganisha maji hayo. Mwezi uliofuata Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na viwanda vya Uganda vikapoteza mafundi na mitaji. Elimu ilizaliwa wakati ule ule ambao viwanda vyetu vilianza kudhoofika. Mwaka 1977, huko Marekani, Frank na Bard walionyesha kuwa unga huo huweza kuharibu sianidi majini. Wengine wakaujaribu kwa rangi za nguo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kitu hicho kiitweje. Nilimjibu "kichocheo cha nuru": kichocheo ni kiharakishacho badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa. Sikusema "cha mwanga", maana mwanga ni mchawi pia, na darasa zima lingecheka. Nuru ikiupiga unga huo, elektroni huruka kutoka mahali pake. Pengo linalobaki, pamoja na maji na oksijeni, huzaa chembe kali zinazoikata molekuli ya rangi vipande vipande, mpaka ibaki hewa ya ukaa, maji na chumvi chumvi.

Jinja haifiki hata nusu digrii kutoka Ikweta, na Mbale ni kama digrii moja tu. Jua si haba. Lakini unga huu hutaka miale ya urujuanimno, ambayo katika mwanga wa jua ni kama sehemu 5 tu katika 100. Kanuni za majitaka ya viwanda ziliwekwa Uganda mwaka 1999, na Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 si mbali na Mbale, hufundisha uhandisi wa nguo. Kazi iliyobaki ni ya mikono zaidi kuliko ya vitabu: maji yatulizwe na kuchujwa kwanza, maana yakiwa mazito nuru haipenyi, na unga ushikizwe juu ya vioo au changarawe, usije ukasafiri pamoja na maji hadi Kyoga.