Mendel: mtawa aliyehesabu minji

Wasomaji wangu, sisi waandika programu tunajua kwamba data isiyoonekana kwenye skrini si lazima iwe imefutika. Mtawa Gregor Mendel aliligundua jambo hilo kwenye mimea.

Kuanzia 1856, katika bustani ya watawa mjini Brno (leo ni Jamhuri ya Cheki), alichavusha minji ya mbegu za mviringo kwa ile ya mbegu zenye mikunjo. Mbegu zote zilizopatikana zilikuwa za mviringo. Mikunjo imepotea? Akazipanda, akaacha mimea ijichavushe yenyewe, kisha akahesabu mbegu 7,324. Za mviringo 5,474, zenye mikunjo 1,850. Karibu tatu kwa moja!

Siri ni hii: kila mmea hubeba nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Jeni tawala ikiwemo, hata moja tu, ndiyo huonekana. Jeni fiche huonekana zikikutana mbili, yaani nafasi moja kati ya nne.

Mendel alichapisha matokeo yake 1866, wachache wakayajali. Alifariki 1884. Mwaka 1900 Hugo de Vries na Carl Correns wakaifufua kazi yake. Kumbe nayo haikufutika, ilijificha tu.