KITAMBAA CHA YUBILEI
Historia fupi ya mavazi yetu



Siku ya Yubilei mtawaona wamama wa Bangboka wamevaa kikwembe cha namna moja. Mbele ya kukisifu, tunapenda kukumbusha njia ndefu ambayo kitambaa kilipita mpaka kutufikia.

Wazee wetu wa pori hili walivaa maganda ya mti, yaliyopondwa kwa nyundo mpaka yakalainika. Halafu biashara ya Waarabu wa Unguja ilifika kwenye Maporomoko, pale Stanley alipoweka kituo katika mwaka 1883, na Tippu Tip alipofanywa liwali katika 1887. Walileta amerikani, kitambaa kilichobeba jina la nchi ya wafumaji wake. Kitambaa hicho kilifanya kazi ya feza: kwacho wachukuzi walilipwa, na kwacho watu walinunuliwa. Hali ilikuwa hiyo katika miaka iliyotangulia kufika kwa Padri Gabriel Grison, aliyeanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli katika 1897.

Toka mwaka 1917 serkali ya Kibelji iliwalazimisha wakulima wa Uele na Maniema kulima pamba. Bei ilipangwa na wengine, na aliyechuma pamba mara nyingi alikosa feza ya kununua shati.

Kikwembe cha nta nacho kina safari yake. Waholanzi waliiga ufundi wa watu wa Java, wakapata wanunuzi wengi Afrika. Wamama wetu walikipa majina, wakakitunza sandukuni kama akiba ya siku ya shida.

Katika miaka ya 1970 kiwanda cha SOTEXKI kilianza kufuma hapa Kisangani. Ndio wakati wa vikwembe vya chama vyenye sura ya Rais Mobutu, na wa abakosti, ambayo wanaume walivaa pasipo karavati mpaka 1990. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa kwamba biashara za wageni zipewe wananchi, na maduka mengi yakabaki matupu. Hata hivyo desturi ya kundi kuvaa kitambaa kimoja haikufa. Ilihamia kwenye harusi, msiba na parokia.

Hapo tunapenda kusema neno. Kikwembe hiki kinatuunganisha, lakini kinaweza pia kututenga. Sisi wakatekista tunapotembelea mashirika tumemkuta mama aliyebaki nyumbani siku ya sikukuu, si kwa ugonjwa, bali kwa kukosa feza ya kitambaa na ya mshonaji. Aliona haya kuketi peke yake katikati ya wenzake.

Yubilei katika Kitabu cha Walawi ilikuwa mwaka wa kuwafungua waliofungwa na madeni. Basi, anayenunua vipande vitatu amkatie jirani kimoja, kinatosha kujifunga. Na yule asiyepata hata kimoja aje na nguo yake ya kila siku, akae benchi la mbele pamoja nasi.