Vibarua waliopanda jukwaani

Wadau, wengi wetu tukisikia sinema bubu tunamkumbuka Charlie Chaplin tu, basi. Leo nawarudisha mwaka 1919, kwenye kichekesho kifupi kiitwacho Back Stage. Aliyekiongoza na kukicheza ni Roscoe Arbuckle, yule bonge aliyejulikana kama Fatty, pamoja na Buster Keaton, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka jeshini Ufaransa.

Hadithi yenyewe nyepesi. Arbuckle na Keaton ni vibarua wa ukumbini: wanabandika mabango, wanasogeza mapazia. Anakuja mbeba vyuma mmoja, mbabe kweli kweli, anayemtwisha msaidizi wake, binti wa watu, mizigo yote. Vibarua wanachukia, wanamtia adabu kwa kuunganisha umeme kwenye vyuma vyake. Wasanii nao wanagoma. Sasa onyesho litakuwaje? Vibarua na yule binti wanavaa mavazi na kupanda jukwaani wenyewe!

Katikati ya vituko, ukuta wa nyumba ya maigizo unamwangukia Arbuckle. Anapona kwa sababu amesimama pale dirisha lilipo. Keaton hakuisahau mbinu hiyo. Mwaka 1928 aliirudia katika Steamboat Bill, Jr., safari hii kwa ukuta mzito wa kweli.

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Septemba 1921, mwigizaji Virginia Rappe alifariki San Francisco, siku chache baada ya kuugua kwenye karamu ya Arbuckle hotelini. Magazeti, yale ya William Randolph Hearst yakiwa mbele, yalimhukumu kabla ya mahakama. Yule aliyemtetea binti kwenye filamu akachorwa kuwa ndiye mbabe. Katika kesi mbili za kwanza jopo la wananchi halikuafikiana. Katika ya tatu, 12 Aprili 1922, lilimwachia huru na kumwomba radhi.

Haikusaidia. Siku sita baadaye wakuu wa sinema walimpiga marufuku. Marufuku iliondolewa Desemba, lakini jina lilikuwa limeshachafuka, ikabidi aongoze filamu kwa jina la bandia, William Goodrich. Alifariki 1933.

Sisi maripota huliona neno "anatuhumiwa" kama pambo tu la sentensi, tena tukibanwa na nafasi tunalikata. Kwa Arbuckle lilikuwa ugali wake. Itafuteni filamu hiyo, haizidi nusu saa. Mcheke, halafu mkumbuke kwamba ukuta wa pili haukuwa na dirisha.