Isaka: Pale Reli Inapomkabidhi Lori Mzigo

Ukitokea Kahama kwenda Isaka, malori ya Rwanda na Burundi utayaona kabla hujaiona stesheni.

Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914. Mwaka huohuo wa 1914 wakaanza kujenga tawi la kwenda Rwanda, nayo ikiwa koloni lao. Vita ikalikatisha. Waingereza walipoichukua Tanganyika, Rwanda ikaenda kwa Wabelgiji. Tawi lao wakalielekeza Mwanza, likakamilika 1928. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya baharini.

Isaka iko kwenye tawi hilo. Kwa vile reli ya Rwanda haikujengwa, hapa pakawekwa bandari kavu: kontena linashushwa kwenye behewa, linapandishwa kwenye lori, safari ya Rusumo inaanza.

Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341. Reli ya Isaka–Kigali, iliyozungumzwa miaka nenda rudi, bado tunaisubiri.

Ila mama ntilie na makuli wa Isaka wanakula kwa sababu ya pengo hilohilo. Siku treni ikipitiliza hadi Kigali, nani atashuka hapa kula?