UZI: Vifaranga wamemwagwa mtoni. Nani atarudi kuwahesabu?

Kampeni zikikaribia huku ziwani, kauli ni ileile: samaki wamepungua, tutawarudisha. Mheshimiwa anasimama ukingoni na ndoo, picha zinapigwa, vifaranga wanamwagwa, tunatajiwa idadi. Niko Sindo na ubishi huu nausikia sokoni. Mmoja anasema ni maendeleo, mwingine anasema ni maonyesho tu. Wote wanabishania ndoo.

Wacha turudi nyuma kidogo.

Nyavu za kutega zilifika Ghuba ya Kavirondo, Winam ya leo, mwaka 1905. Samaki wa pesa alikuwa ngege. Kufikia miaka ya 1920 mavuno ya kila wavu yalikuwa yameshuka vibaya, ndipo akaletwa Mwingereza Michael Graham kupima ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Ilionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine, bila utafiti wa kutosha, ni hatari kubwa.

Sheria ya matundu ilikuja miaka ya 1930, lakini kuisimamia ni kazi ngumu na haina makofi. Miaka ya 1950 wakaletwa ngege wa kigeni, akiwemo nyamami, halafu mbuta, kwanza upande wa Uganda. Yaani shida ilikuwa wavu, jibu likawa samaki mwingine.

Kwa miaka karibu 20 mbuta hakuonekana tishio. Miaka ya 1980 akalipuka, fulu wa aina mamia wakaporomoka. Tuseme ukweli, mbuta alijenga viwanda na kusomesha watoto wengi wa huku, kwa hivyo sitamtukana. Ila ngege wa asili leo unamtafuta kwenye viziwa kama Kanyaboli kule Siaya, na hata huko nyamami amefika na wanazaliana naye. Ukimwaga vifaranga bila kupima uzao wao, unaweza kuwa unamfuta ngege huku ukisema unamwokoa. Ukaguzi unaanza kabla ya ndoo kufika mtoni.

Sasa ningu. Huyu anaishi ziwani lakini mvua zikishika anapanda mtoni, Kuja, Sondu, Nzoia, kutaga kwenye majani yaliyofurika. Wazee walimtega hapo hapo njiani kwa migono. Baadaye nyavu zikaziba midomo ya mito, akashikwa na mayai tumboni. Sasa yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kabisa kutoweka. Watafiti wa KMFRI wameweza kumzalisha vituoni, kwa hivyo kupata vifaranga si ndoto tena. Swali ni kinachofuata.

Kufuatilia si uchawi. Vifaranga wote wanakatwa ncha ya pezi au kuwekewa alama kabla ya kuachiliwa. Ufukweni, karani wa BMU anaandika kila ningu anayetua: urefu, uzito, mahali, ana alama au hana. Mvua zikirudi, watu wanakaa mdomoni mwa mto kuona kama waliopanda wana mayai. Ukikuta wenye alama tu, mto bado unaishi kwa ndoo. Ukikuta wadogo wasio na alama wanaongezeka mwaka hadi mwaka, hapo kuna dalili wanazaana wenyewe.

"Hiyo ni kazi ya Nairobi," utaambiwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka uvuvi kwenye kilimo cha kaunti, na ulinzi wa mazingira, uvuvi ukiwemo, kwa serikali kuu. Kila upande una pa kujificha, na ningu hajui mpaka wa Migori na Homa Bay.

Kwa hivyo kwenye kikao cha maoni ya bajeti, idadi ya vifaranga waachieni wapiga picha. Ulizeni wametoka kituo gani na nani alithibitisha uzao. Ulizeni nyavu za mdomoni mwa mto zitaondolewa lini msimu wa kutaga. Halafu tafuteni ule mstari wa pesa za karani na mafuta ya boti, mwone kama unafika mwaka wa tatu au unaishia wiki ya sherehe.